Springi za Nyuma

Nilimwambia fundi Sizya: kaza.
Kaza mpaka lisiyumbe. Nimechoka
kuivuka kona ya Ipole nimekumbatia usukani
kama mtu anayemzuia mlevi asianguke.

Hakunijibu. Alizunguka nyuma,
akaegemea bampa kwa uzito wake wote, akaachia.
Likapanda, likashuka. Likapanda, likashuka.
Likapanda.
"Shokapu hii ilishakufa zamani," akasema,
"ni wewe tu hukupewa taarifa."

Kisha akanihoji kama daktari wa Kitete:
Unabeba nini? Na siku gani hubebi?
Asali, nikasema. Madumu kumi na sita
kutoka porini mpaka hapa Isevya;
kurudi ni mimi, tochi, na madumu yaliyojaa upepo.

"Basi una magari mawili, Kalunde,
na pesa ya springi za gari moja."

Juu ya gunia alikuwa nazo pea tatu.
Ya kwanza laini, ya kubebea maharusi.
Ya pili nene, imeng'olewa kwenye kirikuu;
hiyo niliipenda,
ilikuwa na sura ya mtu asiyebishiwa.
Akaigonga kwa spana, ikalia kengele.

"Hii itakupa ugumu. Utulivu haumo.
Ukipakia, utanisifu njia nzima.
Ukiwa mtupu, tairi litadunda kila mbavu ya barabara,
na tairi lililo hewani halijui kona.
Hapo mkia utataka kutangulia kichwa."

Akachukua ya tatu, ambayo sikuwa nimeitazama.

Saa tano kamili alikuwa mchangani chali,
anazitukana bushi moja moja kwa Kinyamwezi,
mimi nashika taa, nazuia nyuki wasiotaka kuamini
kwamba buti ni tupu.
Tukaazima saruji ya jirani, mifuko minane,
tukaenda mpaka kwenye reli, tukarudi.
Akashuka, akapima kwa vidole
nafasi kati ya tairi na bodi,
akatoa kipande cha raba, akakirudisha, akakitoa tena.

"Upepo nyuma: thelathini na sita ukipakia,
ishirini na nane ukishusha.
Hilo siwezi kukufungia kwa spana.
Ni la kukumbuka."

Jumatatu niliingia kona ya Ipole na mzigo.
Gari liliinama kidogo, likafikiri,
likakaa.
Kurudi nikiwa mtupu lilinitingisha meno,
si sana, kiasi cha kunikumbusha
kuwa pea ya tatu haikuwa ya gari lolote kati ya yale mawili.

Jumatano nikakuta sisimizi
wamepanga foleni juu ya shokapu mpya.
Dumu moja lilikuwa linavuja, upande wa kulia.
Sizya akachuchumaa, akawatazama kwa muda mrefu.
"Ndiyo maana linavutia kulia," akasema.
"Hawa wamepima kabla yangu."