Timazi

Kona yangu ya kwanza iliishi siku moja.
Kozi kumi na nne. Kuloba msimamizi
akaja na kikombe cha chai, akafumba jicho moja,
akaweka buti lake pale juu
akasukuma kidogo, kama mtu anayefunga mlango wa choo.
Matofali hayakuwa na haraka ya kuanguka.
"Khainza," akasema, "rudi kwenye ndoo."

Nikarudi kwenye ndoo.
Miaka mitatu kichwa hiki kimebeba udongo
wa kuta za wengine, hapa Namakwekwe;
shingo yangu inaujua uzito wa saruji mbichi
kuliko inavyoujua mkufu.
Na ile kona haikukoma kuanguka.
Ilianguka nikila, ilianguka nikimwogesha mtoto,
na kila tofali lilishuka na neno lake:
mikono ya ndoo, mikono ya ndoo.

Nilinunua timazi kuukuu sokoni Mbale,
shaba iliyochubuka, uzi wa kuvulia samaki.
Nikalitundika kwenye boriti ya jikoni
nikakaa chini, nikalitazama.
Huku. Kule. Huku.
Linakuonyesha kwanza kila mahali ukuta usipopaswa kuwa,
kisha, usipoligusa, linachoka.
Hapo ndipo.

Mimi nilikuwa napima kabla halijatulia.
Nilikuwa namtazama Kuloba, si uzi.

Basi alfajiri, Wanale ukiwa bado umejifunika ukungu,
nyuma ya ghala la kahawa, kwa matofali ya kutupwa
na matope badala ya saruji,
nilijenga kona, nikaibomoa.
Nikajenga, nikaibomoa.
Sikuhesabu. Mwanangu alihesabu: kumi na moja.

Siku Wetaka alipolala na malaria
na lori la kahawa likawa njiani,
Kuloba alinitazama kama atazamaye mvua.
"Haya."

Vijana wa zege wakawekeana soda.
Woga nao ulikuja, sitasema uongo;
ulikaa kwenye rundo la mchanga, ukaniita kwa jina la baba.
Nikauambia: ngoja, nina tofali mkononi.
Nikaweka. Nikagonga kwa mpini wa mwiko.
Nikaachia uzi, nikaungoja utulie.
Dunia ikapungua, ikapungua,
mlima ukaondoka na maporomoko yake,
soda zikaondoka, jina la baba likaondoka,
ukabaki upana wa uzi mmoja
na kivuli chake juu ya tofali jekundu.

Nilisikia buti likipanda jukwaa.
Nilinusa chai.
Kama alifumba jicho sijui,
kama alisukuma sijui.
Nilikuwa kozi ya kumi na tano,
na timazi lilikuwa bado linayumba.