Ramani ya Bardyang

Tarafa imeleta fomu: eleza jiografia na historia ya kijiji,
isizidi ukurasa mmoja, ambatisha ramani.
Katibu ni mimi. Nina kalamu mbili, moja inavuja.
Naanza na hiyo.

Bardyang iko ubavuni mwa reli, upande wa kinamasi.
Kimo juu ya bahari: futi elfu tatu mia nne na kumi na mbili,
ndivyo kilivyosema kibao cha stesheni
kabla hakijawa mlango wa banda la kuku.
Bahari yenyewe hatujaiona. Tumeamini tu
kwamba iko huko chini, inatupima.

Jina maana yake ni uwanja wa ng'ombe.
Ng'ombe walikwenda na bunduki mwaka wa themanini na saba,
usiku mmoja.
Uwanja ukabaki, na jina,
na Apili, ambaye hadi leo huamka kabla ya jogoo,
huchukua kibuyu cha kukamulia,
hufika mlangoni, hukumbuka,
hukirudisha.

Kinu cha pamba kilikuwa cha Popatlal.
Kilinyamaza sabini na mbili, mwenyewe alipopewa siku tisini
na ruhusa ya sanduku moja.
Lakini nyuma ya hapo, injini ilipoanza kukohoa,
aliletwa fundi Mcheki, Bwana Vashilavu,
kijana wa masikio mekundu, Kiswahili chake maneno arobaini,
nusu yake ya kutukana spana.

Aliyempikia chai ni Ebong, baba yangu.
Siku hiyo mvua iliwafungia stoo mpaka usiku.
Fundi akageuza gunia, akachora kwa penseli ya bluu:
bwawa, mto wenye kiwiko, kinu,
kanisa lenye kichwa cha kitunguu,
nyumba ishirini na sita zilizoshikana mikono.
Akagonga kidole katikati. "Hapa," akasema, "kwetu."

Kwetu. Neno lisilo na ua.
Mmoja alisema kwetu, mwingine akasikia kwetu,
na baba akalikunja gunia
akalichomeka chini ya paa, kama hati.

Na likawa hati.
Odyek na Abura walipogombea shamba la bondeni
baraza lilitandika gunia chini, vijiwe pembe nne.
Kinu? Ni kile, kimebomoka.
Kanisa? La Wakatoliki, kichwa kiling'olewa na upepo.
Bwawa? Kinamasi hiki hiki, enzi za ujana wake.
Mto je? Watu wakakohoa. Mto ulihama, mtu akasema,
mito huhama, na hakuna aliyebisha.
Abura akashindwa kwa hatua kumi na nne.
Akapanda minyaa mpakani, akameza mate miaka thelathini.

Mwaka jana mwalimu Awor akaliomba, afundishie darasa la sita.
Akaliinua dirishani, mwanga ukapita kwenye nyuzi,
akaona pembeni herufi zenye vikofia
na mshale wa kaskazini ambao sisi tuliuita mti.
Akaja kwangu pole pole, kama anayeleta taarifa ya msiba.
"Katibu," akasema, "hiki si Bardyang."

Nilimwendea Abura mwenyewe, nikamweleza.
Alikuwa anachambua simsim. Hakuacha.
Akapepeta, makapi yakaruka, akapepeta tena.
"Basi huko kwa Wacheki," akasema,
"nina hatua kumi na nne za ardhi.
Andika."

Nimeandika, ndogo ndogo, ukingoni.
Simjui Bwana Vashilavu alikoishia.
Alipanda treni ya mizigo, akasimama juu ya marobota
akipunga spana, baba alisema,
mpaka reli ikamkunja.
Labda kuna mtu huko kwao naye anajaza fomu,
bwawa limekauka, kinu kimekuwa banda la kuku.

Ramani: nimeambatisha gunia, lirudishwe.
Idadi ya kaya: mia moja na tatu.
Kalamu imesimama hapo, inavuja.
Sijui kama niongeze
zile ishirini na sita.