Birika la Pili Halina Mkono

Siku ya kumi na tisa ndipo habari ilipotufikia.
Binamu yangu Fauzi, anayetengeneza simu kule Ruwi,
alituma picha ya ukurasa wa gazeti la serikali:
herufi za Kiarabu kama siafu safarini
na katikati yao, birika zetu mbili.

Zetu. Alizichora baba juu ya kaunta, Kibokoni,
mwaka wa mvua iliyoangusha ukuta wa jirani,
alipochoka kufunga masala ya chai kwa magazeti.
Mchapaji wa Bondeni akachonga muhuri wa mbao,
ukamponyoka, ukamegeka:
birika la kulia likapoteza mkono.
Pesa za muhuri mwingine hazikuwapo.
"Chai hutoka mdomoni," baba alisema, "si mkononi."
Na Mwalimu Shekue alipopita, akasoma, akaguna,
"Badi, ni mabirika mawili, si birika mbili,"
baba akampimia robo:
"Kanywe kwanza, ndipo usahihishe."

Sasa mtu wa Maskati, hatumjui hata kwa sura,
ameomba zisajiliwe kwa jina lake,
daraja la thelathini: chai, kahawa, viungo.
Mwenye neno ana siku sitini tangu tangazo litoke.
Asiposema, kimya chake ndicho kibali.

"Kwani jina ni kuku," mama akauliza,
"awe wa aliyemkamata?"
Wakili Mwanaisha, juu ya duka la miwani, Barabara ya Nkrumah,
hakumjibu. Cheti chetu cha Nairobi alikisoma,
akakirudisha mezani polepole:
"Hiki hakivuki maji peke yake."
Akataka hati ya uwakili, ithibitishwe hapa,
igongwe muhuri wizarani, igongwe tena ubalozini,
ipate mtafsiri aliyekula kiapo.
"Na mniletee kila kitu chenye tarehe."

Kila kitu chenye tarehe!
Tukalishusha sanduku la baba kutoka darini.
Risiti zikinuka iliki. Hati ya forodha,
katoni nane kwenda Matrah, karafuu imeandikwa kwa makosa.
Daftari la madeni, na juu ya jalada, kwa mkono wake:
*mali bila daftari hupotea bila habari.*
Ndani, Bi Mwanakheri wa Kuze, robo mbili,
hajalipa hadi leo, na sasa ni shahidi wetu.

Saa tisa za usiku niliziweka picha mbili pamoja,
yao na yetu.
Yao ina dhahabu. Ina mvuke uliopindwa kama nywele za bi harusi.
Lakini birika la kulia halina mkono.
Na chini, herufi kubwa: BIRIKA MBILI,
kosa la Mwalimu Shekue, limevuka bahari zima zima.
Nikacheka peke yangu hadi mama akaamka.

"Mtu huweza kuota jina la mwenzake," wakili alisema kulipokucha,
"haoti na mmegeko wa mbao."

Pingamizi liliingia siku ya hamsini na saba.
Ada imekula mabati tuliyoyakusudia,
na jikoni bado twakinga sufuria panapovuja.
Yule naye anayo muda wake wa kujibu.
Huenda akajibu. Nilimuuliza Mwanaisha tutashinda?
"Nalipwa kuandika," akasema, "kutabiri nenda kwengine."

Jana nilimkuta mama dukani, kalamu mkononi,
pakiti mpya mbele yake, anataka kulichorea birika mkono,
baada ya miaka yote hiyo, alau lishikike.
"Mama, usiliguse. Huo usiokuwapo
ndio mkono wa baba."
Alilitazama birika. Alinitazama mimi.
Akaifunika kalamu, akapima robo.
Mteja alikuwa akingoja.