Kengele ya Mguu wa Kushoto

Sijapata kumwona. Kwangu yeye ni thelathini na moja,
namba ya wino mweusi kwenye kifuniko cha chupa,
damu iliyoletwa Jumanne kutoka hospitali ya ng'ambo ya mfereji,
imeviringishwa kwenye taulo kama yai.

Kazi yangu ni kutafuta wasaliti.
Askari waliokula kiapo cha kumlinda,
siku moja wakageuka, wakaanza kumenya
mishipa yake ya fahamu, polepole,
kama mtu amenyaye viazi vya Jumapili akiwaza mengine.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa.
Hiki kilipita nguo, kikapita ngozi,
kikakaa kwenye waya.

Nawatega. Natia chambo:
kipande cha ala ya mshipa, kidogo, hakionekani.
Wasio na hatia hupita kama hawakuitwa.
Wenye uchu huvimba, hugawanyika, wawili, wanne,
nami nasema chini ya pumzi: ndio ninyi.

Halafu nawalisha.
Ndiyo, nawalisha, wiki sita.
Kuna wampao mchawi mtoto alee;
mimi namlea mchawi mwenyewe
katika joto la mwili, nyuzi thelathini na saba,
nambadilishia maji yake ya waridi,
hata usiku wa Krismasi nilikuja, koti likichuruzika,
mke wangu Reinhilde akinuna mezani.

Wakishakuwa mamilioni, mionzi.
Hawafi papo hapo. Wanabaki na sura,
wanapoteza uzazi.
Hivyo ndivyo wanavyorudishwa chini ya ngozi ya mkono wake:
picha ya mwizi iliyobandikwa ukutani,
ili mwili usome pua, usome nyusi,
uwakamate wenzake walio bado mitaani.

Hiyo ndiyo nadharia.

Jumamosi nanunua jibini kwa Odiel, sokoni, chini ya mnara.
Juu kule kuna kengele arobaini na saba
na mwanamke mmoja azipigaye kwa ngumi,
na zile kubwa kwa miguu.
Machteld Swerts. Miaka kumi na tisa sijawahi kumsikiliza,
nani husikiliza kengele za kwao?
Ila tangu masika yaliyopita kengele nzito ya kushoto inachelewa,
kama mtu aliyesahau jina la rafiki
akalipata rafiki akishapita.

"Mguu," alisema Odiel, akikata, bila kuinua macho.
"Ngazi mia mbili na tatu. Mwanawe humsukuma kwa nyuma."

Nimekatazwa kujua. Nilitia saini.
Sikuuliza anatibiwa wapi, wala Jumanne huwa anafanya nini.
Nililipa, nikasahau chenji.

Januari, Jumamosi ya pili, kengele nzito iliingia kwa wakati.
Niliihesabu. Mara nane kwa nane.
Nikajikuta nimeshika meza ya mtu.
Wiki iliyofuata ikachelewa tena, mara tatu,
na ile nyingine sikuweza kujua, upepo ulikuwa mkali.

Najua ninachopaswa kusema.
Kwamba nusu yao hudungwa maji ya chumvi tu,
na chupa zangu zikitoka mlangoni sijui zimefika kwa nani.
Kwamba ugonjwa huu wenyewe hulala, huamka,
haumwombi mtu ruhusa.
Kwamba kengele si kipimo.
Kwamba thelathini na moja huenda ni dereva wa lori wa Tongeren
mwenye masharubu, asiyejua wimbo hata mmoja.

Kesho nina thelathini na nne wa kutegwa.
Leo ni Jumamosi. Mvua nyembamba. Odiel ameshafunga turubai.
Ngumi zinakimbia kule juu, nyepesi, kama kawaida yake,
zinakaribia ile sehemu,
nami nimesimama na kabichi yangu chini ya mnara,
kidole changu cha gumba cha kushoto kikikanyaga
ndani ya kiatu.