Shangazi na Moto

Nazi kumi na moja, nzima, zenye kishungi:
hivyo anavyoziagiza Bi Manjula kila Machi,
joto la Tanga limekaa kifuani, masika bado.
Nazisukuma kwa mkokoteni hadi nyuma ya hekalu.
Vijana wa Ngamiani wamekwisha kupanga milingoti ya mkonge,
mikavu, myepesi, ikishika moto inaalika
kama mtu anayejivunja vidole.

Mwaka wa kwanza niliuliza: mnamchoma nani?
Akanipa kisa. Mfalme aliyetaka kuabudiwa,
mwanawe aliyekataa,
na Holika, dada wa mfalme,
aliyempakata mtoto akaketi naye motoni
akiamini yeye moto haumli.
Ukamla. Mtoto akatoka na nywele zake zote.

Nikasema: kumbe ni shangazi.
Akasema: ni shangazi.
Tukanyamaza. Mimi nimelea watatu wa kaka yangu Mwinyihija,
najua mtoto wa kaka anavyozidi uzito
usingizi ukimchukua mapajani.
Hadi leo najiuliza
kama mwishoni, moshi ulipomkaba,
hakumsukuma nje kwa mikono yake mwenyewe.
Nani angejua? Kisa kimesimuliwa na waliobaki.

Zamani uwanja ulijaa. Vichanga vya mwaka huo
vilizungushwa moto, vimevikwa nyeupe, vinalia.
Sasa wazee sita, mlinzi, na mimi na mkokoteni.
Safari hii Bi Manjula alikuja na simu.
Ndani yake Hiren, mjukuu wa kaka yake, miezi minne,
kofia ya sufu, pua nyekundu kwa baridi ya Uingereza.
Jina kalitoa yeye. Kwao shangazi ndiye mpa jina,
na katika ukoo wote shangazi kabaki mmoja.

Akamwaga maji kwa kikombe cha shaba, akaanza kuzunguka,
simu kaipakata, uso wa mtoto umeelekea ndimi.
Anatupa bisi. Anatupa tende. Anazunguka.
Raundi ya nne mtandao ukakatika.
Kioo cheusi, moto peke yake ndani.

Hakusimama.
Ya tano, ya sita, ya saba,
kakikumbatia kile cheusi kama kinapumua,
na upande wa joto kajiweka yeye.

Aliporudi nilitaka kumwambia neno.
Akanitangulia: chokoa nazi yako, isiungue.
Nikaitoa kwa mlingoti. Kifuu kimekuwa kaa.
Ndani nyeupe, ya moto, tamu kidogo kwa moshi.
Tukaila tumesimama, tunapuliza vidole.