Milimita Kumi na Nne

Shangazi Subilaga alishuka stendi ya Nane Nane
shavu limevimba kama andazi,
kitenge kakifunga kidevuni, fundo juu ya utosi,
na mfuko wa rambo mkononi:
magome ya mlungulungu kutoka Usangu,
mzizi wa mdaa, majani ya mpera.
"Ule wa nyuma ya choo. Ndio mkali."

Kliniki ataenda Jumatatu. Kila wiki ataenda Jumatatu.
"Wewe si unafanya kazi na wadudu?
Basi wapelekee hawa."

Julai, Mbeya. Maji ya bomba yanauma vidole,
jua lipo, lakini ni la kutazama.
Nikaanika juani siku nne, nikatwanga, nikaloweka kwenye spiriti,
nikachuja mpaka chupa ikawa rangi ya chai iliyosahaulika.
Wadudu nilikuwa nao: usaha wa fizi ya dereva wa lori la Tunduma,
ambaye hakuuliza unakwenda wapi.
Nikawasia kwenye sahani kama ulezi,
nikawatandikia vidoa vya karatasi
nilivyotoboa kwa mashine ya mhasibu,
kila kidoa kimelowa mti wake.
Nikawafungia kwenye joto la mwili.

Usiku huo Shangazi hakulala.
Nilimsikia akitafuna gome, akitema,
ganzi ikimpa nusu saa kisha ikiidai.
Mara akamtaja marehemu mumewe, kwa hasira,
kana kwamba ndiye aliyetoboa gego.

Asubuhi: mpera, kimya. Wadudu wamepita juu yake
kama ng'ombe kwenye shamba lisilo na ua.
Mdaa, pete nyembamba, ya kuomba radhi.
Mlungulungu:
uwanja! Umefagiliwa,
hakuna aliyethubutu kukanyaga.
Nikaweka rula. Milimita kumi na nne.
Dawa ya hospitali, pembeni, ishirini na sita.

Picha nilimwonyesha kwenye benchi la kliniki,
namba thelathini na moja mkononi mwake.
Akaitazama kwa jicho lililobaki.
"Hilo duara lako lina mizizi?
Maana gego langu linayo mitatu."

Sikuwa na jibu. Sahani haina taya,
haina mate, wala sukari ya chai ya saa kumi.

Akaitwa. Akatoka na pamba mdomoni
na gego ndani ya karatasi, jeusi,
zito kuliko umbo lake.

Kuongea hawezi. Kabla basi halijaondoka
akaomba kalamu, akaandika nyuma ya risiti:
*Mpera umeuonea. Majani hukaushwa kivulini.*