Mlango wa Darasa la Nne B

Darasa la Nne B, Pasua, watoto sabini na wanne,
na Ombeni wa dawati la mwisho, chini ya dirisha lisilo na kioo,
ambaye tangu Januari nilimjua kwa mwandiko tu.
Saba mara nane? Aliandika hewani kwa kidole.
Nikiita majina, aliinua kalamu.
Wenzake walishazoea: "Yupo, Mwalimu, ila ndo hivyo."

Alhamisi, kipindi cha tano, nikafunga kitabu.
Ukurasa ule wa mazungumzo tulikuwa tumeusoma wiki nzima
kwa sauti moja iliyolala,
kama watu wanaosukuma gari bovu kupanda Kiboriloni.
Nikasema: sogezeni madawati. Leo tunaigiza.

Mwajabu akawa mama mwenye nyumba, kanga yangu kiunoni.
Aikaruwa akawa mgeni kutoka Machame,
mkungu wake wa ndizi ni masweta matatu yaliyofungwa pamoja.
Nderingo mdai, daftari kwapani.
Waliobaki walitaka kuwa mbwa. Nikaruhusu mbwa wanne.

Ombeni alikuwa amesimama na kivuli chake.
Nikamtafutia sehemu isiyo na maneno.
"Wewe utakuwa mlango."
Akaitikia kwa kichwa, akasimama wima kati ya madawati mawili,
mkono mmoja mbele, ngumi ndiyo kitasa.

"Hodi!" Aikaruwa akamgonga kifuani kwa vidole viwili.
Kimya. Mwajabu kasahau kila kitu,
anatazama dari, kanga inamtoka.
"Hodi jamani! Hodi wenyewe!"
Mbwa wakabweka ili kujaza pengo.
Mara ya tatu, sauti ikatoka mahali nilipokuwa nimeweka ubao:

"Mwenyewe hayupo. Kaenda Mbuyuni kununua dagaa.
Na usinigonge hapo. Hapo bawaba imelegea."

Darasa likacheka mpaka vumbi la chaki likapaa.
Mlango haukucheka.

Ukasema masika yakija unavimba,
haufungi mpaka upigwe teke.
Ukasema kuna mtoto anauchora kwa mkaa;
anayechapwa ni mtoto, anayesuguliwa ni mlango.
Nderingo akadai deni lake; mlango ukamwuliza risiti.
Akaitafuta kweli, mifuko yote miwili ya kaptula.

Kisha ukapunguza sauti, na mbwa wakanyamaza:

"Baba alinifungua usiku.
Alinishika hapa chini na hapa juu, nisilie.
Akanirudishia polepole,
akidhani wote wamelala.
Mimi sikulala. Mlango haulali."

Hakuna aliyepiga makofi.
Nje lori la kahawa likapita kuelekea kiwandani,
tukalisikiliza mpaka mwisho, kana kwamba lilikuwa kwenye mchezo.
Ndipo Mwajabu, aliyekuwa mama, akakumbuka kuwa mama.
Akaja, akaishika ile ngumi, akaizungusha taratibu
kama mtu anayejua palipolegea.
"Pita, mgeni," akasema.
"Mlango wetu una maneno mengi. Utauzoea."

Mwalimu mkuu akachungulia: kelele za nini?
(Hapakuwa na kelele tena.)
Nikamjibu: Kiswahili.

Nyumba njema si mlango, walisema, fungua uingie ndani.
Nami nilikuwa nikigonga tangu Januari
kwa swali, kwa chaki,
mara moja kwa fimbo, Mungu anisamehe,
palepale kwenye bawaba.

Jioni nikafungua andalio la somo.
Lengo: mwanafunzi aweze kujieleza kwa ufasaha.
Tathmini: nikaandika *limefikiwa*. Nikakata.
Nikaandika *baba yake*. Nikakata hilo pia,
nikaacha nafasi tupu, na wino umechafua kidole.

Ijumaa asubuhi, mlima umejifunika mpaka shingoni,
nikaita majina, nikafika kwake.
Akainua kalamu, kama kawaida yake.
Nikatia alama ya vema, nikawa naelekea jina linalofuata,
ndipo kutoka chini ya dirisha, kwa sauti kavu ya mbao:

"Mwenyewe yupo."